Ubongo Uliolala Hufanya Nini na Mambo ya Mchana? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Usingizi, Kumbukumbu na Utafiti wa Matthew Wilson

Mtu akiuliza usingizi unahusianaje na kumbukumbu, mara nyingi huambiwa tu alale vizuri ili akili ichangamke. Ushauri huo ni wa kweli, ila hauelezi kinachotokea ndani ya kichwa. Majibu yaliyo hapa chini yanajaribu kueleza. Yamejengwa juu ya kazi ya mwanasayansi mmoja wa ubongo, kwa sababu yeye na wenzake ndio waliotupa ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba ubongo uliolala huyapitia tena mambo uliyoyaona ukiwa macho.

Matthew Wilson ni nani?

Ni profesa katika chuo cha MIT, mjini Cambridge, Massachusetts, Marekani, kwenye taasisi ya Picower inayoshughulikia kujifunza na kumbukumbu. Alianzia kwenye uhandisi wa umeme kabla ya kuingia kwenye sayansi ya ubongo, na jambo hilo linaonekana katika kazi yake yote. Alitaka kusikia seli nyingi za ubongo kwa wakati mmoja, kwa mnyama aliye hai anayetembea huku na huku, na hiyo ilikuwa kazi ya vifaa na hesabu kabla ya kuwa kazi ya baiolojia.

Majaribio yaliyompa jina aliyafanya Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, akiwa na Bruce McNaughton. Mwaka 1993 walichapisha matokeo ya kunasa ishara za seli 73 hadi 148 za ubongo wa panya kwa pamoja. Mwaka 1994 wakachapisha mengine katika jarida la Science, yakionyesha kwamba seli zilizofanya kazi pamoja panya akiwa macho hufanya kazi pamoja tena anapolala.

Kabla ya hapo watu walikuwa wanajua nini?

Walijua kwamba usingizi husaidia kukumbuka, ila hawakujua kwa njia gani. Mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa wanafunzi wawili silabi zisizo na maana wazikariri. Walipolala baada ya kukariri walisahau kidogo kuliko walipobaki macho kwa muda uleule. Wengi walidhani sababu ni moja tu: aliyelala haingiliwi na mambo mapya.

Halafu kuna Henry Molaison, ambaye kwa miaka mingi alijulikana kwa herufi H.M. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji ili kutuliza kifafa kikali, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimfuatilia kwa miaka mingi, na kila walipokutana ilibidi ajitambulishe upya. Cha ajabu, mambo mengi ya utotoni aliyakumbuka. Molaison alifariki mwaka 2008, na sijui mtu mwingine ambaye msiba wake umeifundisha sayansi ya kumbukumbu mengi kiasi hicho. Kwake tulijifunza kwamba kumbukumbu mpya zinaihitaji hipokampasi, ilhali za zamani zinaweza kuishi bila hiyo. Kwa hiyo lazima kuna kitu kinachotendeka katikati, baada ya tukio kupita.

Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky, wakiwa London, walitangaza kwamba hipokampasi ya panya ina seli zinazopiga ishara panya akifika mahali fulani tu. Seli moja hupiga akiwa kwenye kona, nyingine akipita katikati ya kijia. Ndizo seli za mahali, na O'Keefe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser. Bila seli hizo Wilson asingekuwa na lugha ya kusoma kilichomo katika ubongo uliolala.

Jaribio lenyewe la 1994 lilifanywaje?

Panya alipandikizwa nyaya nyembamba sana kwenye hipokampasi, zimesokotwa nne nne. Kwa nini nne? Kila ncha iko umbali tofauti kidogo kutoka kwa seli, kwa hiyo husikia mpigo wa seli ileile kwa nguvu tofauti. Ukilinganisha ncha zote nne, unaweza kutenganisha seli moja na jirani yake, hata kama zinapiga karibu karibu.

Kisha yalifuata mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza panya alilala, na ishara zake zikarekodiwa. Pili, aliamka akatafuta chakula kwenye vijia alivyowekewa. Tatu, alilala tena. Watafiti walichukua jozi za seli ambazo maeneo yake yalipandana, yaani seli mbili zilizozoea kupiga pamoja panya alipokuwa sehemu ileile. Katika usingizi wa pili, jozi hizo zilielekea kupiga pamoja kuliko zilivyofanya katika usingizi wa kwanza. Jozi ambazo maeneo yake hayakupandana hazikuonyesha hivyo. Nguvu ya jambo hilo ilipungua polepole kadiri usingizi ulivyoendelea.

Ule usingizi wa kwanza ndio moyo wa jaribio, na ndio unaosahaulika habari hizi zinaposimuliwa kwa haraka. Bila huo, mtu angeweza kusema seli zile hupiga pamoja siku zote, safari ya panya haihusiani. Kulikuwa na dalili za awali pia: mwaka 1989 Constantine Pavlides na Jonathan Winson walikuwa wameonyesha kwamba seli moja moja iliyotumika sana mchana huchangamka zaidi usingizini. Wilson na McNaughton walionyesha kwamba kinachorudi ni uhusiano kati ya seli na seli. Huko kwenye uhusiano ndiko kumbukumbu iliko.

Wilson amesimulia pia jinsi alivyokuwa na desturi ya kuacha spika ikitoa sauti ya mipigo ya seli, na safari moja akasikia mlio wa panya anayekimbia. Alipogeuka kutazama, panya alikuwa amelala.

Kwa nini panya? Na je, wanateswa?

Hipokampasi ya panya na ya binadamu zimefanana sana kwa mpangilio, na huwezi kumpandikiza mtu mwenye afya nyaya kwa ajili ya udadisi. Upasuaji hufanywa mnyama akiwa chini ya dawa ya usingizi, na tishu ya ubongo wenyewe haina vipokezi vya maumivu. Baadaye panya hukimbia, hula na kulala akiwa amebeba kifaa kichwani. Mwisho wa utafiti kwa kawaida huuawa ili ithibitishwe nyaya zilikaa wapi. Ni gharama halisi, na anayeandika kuhusu matokeo haya anapaswa kuitaja waziwazi.

Hayo marudio huwa na kasi gani?

Inategemea usingizi. Usiku wetu huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Ndani ya kila mzunguko kuna usingizi mzito, wenye mawimbi makubwa ya polepole, na usingizi wa REM, ambao macho huchezacheza chini ya kope. Huu wa pili uliripotiwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman. Usingizi mzito hujaa mwanzoni mwa usiku, REM huongezeka kuelekea alfajiri.

Mwaka 2002 Albert Lee na Wilson walionyesha kwamba katika usingizi mzito safari nzima ya panya hurudiwa kwa mpangilio wake, seli kwa seli, lakini ikiwa imebanwa karibu mara 20. Mwendo wa sekunde kadhaa hupita ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Marudio haya huja pamoja na mitikisiko mifupi ya umeme katika hipokampasi, ambayo kwa panya hufika mizunguko 150 hadi 250 kwa sekunde. Hapa tutaiita viwimbi vya kasi. György Buzsáki ndiye aliyetumia miaka mingi kuvichunguza.

Katika REM hali ni tofauti. Kenway Louie na Wilson waliripoti mwaka 2001 kwamba huko marudio huweza kuchukua dakika kadhaa, kwa kasi inayokaribiana na ile ya mchana.

Kuna jingine ambalo halikutarajiwa. Mwaka 2006 David Foster na Wilson waligundua kwamba panya akifika mwisho wa kijia na kusimama, bado akiwa macho, seli zake hurudia safari kinyumenyume, kutoka pale aliposimama hadi alikoanzia. Hivyo kurudia si kazi ya usingizi peke yake. Hata kutulia kidogo baada ya jambo kuna faida yake.

Kwa hiyo hizo ndizo ndoto?

Hatuna haki ya kusema hivyo. Panya hawezi kutusimulia alichoota, na marudio yaliyo safi zaidi hutokea katika usingizi mzito, wakati ambao watu hueleza ndoto kali mara chache kuliko wakati wa REM.

Kuna utafiti wa mwaka 2000 wa Robert Stickgold unaofaa kuwekwa kando ya swali hili. Aliwachezesha watu mchezo wa kompyuta wa Tetris kwa siku kadhaa. Wengi wao, usingizi ulipokuwa unawachukua, waliona vipande vya mchezo vikishuka mbele ya macho. Miongoni mwa wachezaji walikuwamo wagonjwa wenye hipokampasi iliyoharibika, watu ambao kila siku walikuwa wamesahau kwamba wamewahi kuucheza. Baadhi yao nao waliona vipande vikishuka. Basi taswira za usingizini zinaweza kujengwa bila hipokampasi, na kuyaita marudio ya seli za panya kuwa ni ndoto ni kuruka hatua nyingi.

Imethibitishwa kwamba marudio ndiyo yanayojenga kumbukumbu, au ni sadfa tu?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, maana kuona seli zikirudia jambo hakuthibitishi kwamba kurudia huko kuna kazi. Inabidi uyazuie marudio uone mnyama anapoteza nini.

Mwaka 2009 Gabrielle Girardeau na wenzake, wakiwa Paris, walifanya hivyo. Panya walikuwa wanajifunza vijia vyenye chakula. Baada ya mafunzo ya kila siku, walipolala, kila kiwimbi cha kasi kilipoanza mashine ilikitambua papo hapo na kutuma mshtuko mdogo sana wa umeme uliokikata. Panya wengine walipata mishtuko vilevile, ila ikichelewa kidogo ili isikikate kiwimbi. Wote walilala. Waliokatiwa viwimbi walijifunza polepole zaidi. Mwaka uliofuata Valérie Ego-Stengel na Wilson walipata matokeo ya aina hiyohiyo.

Bado kuna mabishano, na ni mabishano ya heshima. Mwaka 2011 George Dragoi na Susumu Tonegawa waliripoti kwamba baadhi ya mifuatano ya seli ilionekana usingizini kabla panya hajawahi kuiona njia yenyewe, kana kwamba ubongo una mifuatano tayari na uzoefu huchagua mmojawapo. Watafiti wengine, Foster akiwemo, walirudia uchambuzi wa namna hiyo wasione jambo hilo. Kwa maoni yangu ushahidi kwamba viwimbi vina kazi katika kumbukumbu ni mzito. Kinachobaki wazi ni kiasi gani cha mfuatano huandikwa na uzoefu wa siku hiyo na kiasi gani kilikuwepo.

Kwa nini ubongo uhangaike kurudia? Si ulishaona mara moja?

Hipokampasi hunasa haraka, hata tukio la mara moja. Gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, hujifunza taratibu, na ni vizuri lifanye hivyo, kwani likibadilika ghafla kwa kila jambo jipya litavuruga maarifa ya miaka. Nadharia inayokubalika na wengi ni kwamba hipokampasi hufanya kazi kama lile daftari la dukani ambamo mauzo ya mchana huandikwa mbiombio, kisha usiku yanahamishiwa kwenye kitabu kikubwa kwa mpangilio. Ndiyo maana Molaison alibaki na ya utotoni: yalikuwa yamekwisha kuhamishwa.

Dalili kwamba pande mbili hizo huzungumza usingizini zilionekana mwaka 2007, Daoyun Ji na Wilson waliporekodi hipokampasi na sehemu ya gamba inayohusika na kuona kwa wakati mmoja. Marudio yalitokea kotekote, kwa uratibu. Kwa ujumla, mawimbi makubwa ya polepole, ya chini ya mzunguko 1 kwa sekunde, huonekana kupanga zamu. Juu yake hukaa mafungu mafupi ya mawimbi ya mizunguko 11 hadi 16 kwa sekunde, na ndani ya hayo hujipanga viwimbi vya hipokampasi.

Haya yote ni ya panya. Binadamu je?

Mwaka 2007 Björn Rasch, Jan Born na wenzao nchini Ujerumani walicheza na watu mchezo wa kukumbuka kadi ziko wapi, huku chumbani kukinukia waridi. Usiku, walipofika usingizi mzito, harufu ileile ilirudishwa puani bila kuwaamsha. Asubuhi walikumbuka takriban asilimia 97 ya jozi za kadi. Bila harufu, ilikuwa takriban asilimia 86. Harufu ilipotolewa wakati wa REM haikusaidia.

Miaka mitano baadaye Daniel Bendor na Wilson walionyesha kinachoweza kuwa chini ya jambo hilo. Panya walifundishwa kwamba sauti moja maana yake nenda kulia, nyingine nenda kushoto. Walipolala, sauti ya upande mmoja ilielekeza marudio kwenye upande huohuo wa kijia. Haikuongeza marudio kwa jumla, ilibadilisha yaliyomo.

Kwa watu, ishara za seli zenyewe zimerekodiwa kwa wagonjwa wa kifafa ambao madaktari wamewawekea elektrodi ndani ya ubongo kutafuta chanzo cha degedege. Viwimbi vya kasi vimeonekana kwao pia.

Basi naweza kuweka masomo ya Kifaransa sikioni nilale, niamke ninajua?

Hapana. Mwaka 1956 Charles Simon na William Emmons walilijaribu jambo hili wakitumia kipimo cha mawimbi ya ubongo kuhakikisha mtu amelala kweli. Kadiri usingizi ulivyokuwa wa kweli, ndivyo walivyotoka patupu. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba aliyelala anaweza kuhusisha sauti na harufu, jambo dogo sana ukilinganisha na msamiati. Kilichosaidia kwenye jaribio la waridi ni kuamsha kumbukumbu iliyokwisha kuingia. Lazima usome kwanza.

Mtihani ni kesho. Nikeshe?

Ukikesha unapoteza mara mbili. Yale uliyosoma hayapati usiku wake wa kurudiwa, na ubongo wako kesho hautapokea vizuri. Mwaka 2007 Seung-Schik Yoo, Matthew Walker na wenzao waliwaonyesha picha watu waliokesha usiku mmoja, kisha wakawaacha walale usiku mbili kabla ya kuwapima. Hata baada ya kupumzika hivyo, walikuwa wamehifadhi picha chache kuliko waliolala, na hipokampasi zao zilikuwa zimefanya kazi kidogo wakati wa kutazama.

Nalisema hili nikiwafikiria hasa wanafunzi wa bweni, wanaoamshwa saa kumi alfajiri kwenda prepu na kuzimiwa taa baada ya saa nne usiku. Hizo ni chini ya saa 6, ilhali wataalamu hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa kijana wa umri wa sekondari. Saa zinazokatwa alfajiri ndizo zenye REM nyingi na mafungu mengi ya mawimbi ya haraka. Mwalimu anayefanya hivyo hutaka matokeo mazuri, na ninaheshimu juhudi yake. Lakini ratiba hiyo inaiba sehemu ya kile anachokitafuta.

Bila REM, kumbukumbu hufa?

Ilidhaniwa hivyo. Jerome Siegel na wengine walipinga kwa hoja nzito: baadhi ya dawa za sonona hupunguza REM kwa kiasi kikubwa kwa miezi au miaka, na wanaozitumia hawapotezi uwezo wa kukumbuka. Kwa hiyo usiache dawa yako kwa hofu hii.

Je, ni lazima saa 8?

Kwa mtu mzima, mapendekezo ya Marekani ya mwaka 2015 yanasema saa 7 au zaidi. Mwaka huohuo watafiti waliwapima Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi hapa Tanzania, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wasiotegemea umeme. Kwa wastani walilala saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku. Matokeo hayo yamenukuliwa na wengi kama ruhusa ya kulala kidogo. Soma vizuri: muda kati ya kusinzia na kuamka asubuhi ulikuwa saa 6.9 hadi 8.5, na mtu yeyote hulala pungufu ya muda huo.

Uzee na dawa za usingizi je?

Usingizi mzito hupungua umri unavyosogea, na hilo linaaminika kuchangia usahaulifu wa kawaida wa wazee. Ugonjwa wa Alzheimer huanzia jirani na hipokampasi, kwa hiyo usingizi kuvurugika na kumbukumbu kupotea huenda pamoja, na kila kimoja huzidisha kingine. Pombe humfanya mtu asinzie upesi lakini huvunja usingizi nusu ya pili ya usiku. Vidonge vya usingizi si vya kununua kiholela dukani, maana baadhi yake vyenyewe huleta usahaulifu.

Malale hulaza watu sana. Mbona hawakumbuki vizuri?

Mgonjwa wa malale, anayeambukizwa na mbung'o, kwa jumla halali zaidi ya mtu mzima wa afya. Vimelea vikifika kwenye ubongo huvunja mpangilio: usingizi humvamia mchana, usiku humkimbia, na mara nyingi huingia moja kwa moja kwenye REM bila kupitia usingizi mzito kwanza. Fahamu na kumbukumbu huharibika kwa sababu ubongo wenyewe unashambuliwa. Huku mashariki, Tanzania na sehemu za Uganda, aina iliyopo huenda haraka, kwa wiki au miezi michache. Homa isiyoisha baada ya kutoka porini kwenye mbung'o, ikifuatana na usingizi uliogeuka usiku kuwa mchana, ni ya kupelekwa hospitali ikapimwe damu siku hiyohiyo.